Pimbi na Salamu za Ng'ambo

Hapo zamani za kale, na msogee karibu maana sitarudia, kando ya mto mpana palikuwa na nchi ya Tembo. Nchi ile ilikuwa na nguvu, jamani. Tembo akipiga chafya, majirani wa ng'ambo walishika vyungu vyao visianguke. Mwaka wa njaa alivuka mto na magunia ya mtama, akalisha watu asiowajua hata kwa jina. Mwaka mwingine alivuka kuamua ugomvi, akakanyaga shamba zima la mihogo wala asigeuke nyuma. Ndivyo alivyokuwa, mkarimu na mzito wa miguu.

Lakini nyumbani kwake Tembo hakuwa mfalme, na hilo ndilo linalonifurahisha mimi. Alikalia kiti kwa kuchaguliwa, na Punda alikitamani kiti hichohicho kila msimu. Tembo akisema mvua, Punda alisema jua. Na wote wawili walikuwa chini ya sheria, ambazo mababu zao walizichora kwenye jiwe kubwa katikati ya baraza. Kobe ndiye aliyekuwa Spika, na kazi yake ilikuwa kuzilinda.

Katika wajumbe wa baraza alikuwemo Pimbi, kijinyama kisicho na mkia, mwepesi wa miguu na wa maneno. Alifika nchi ile akiwa mchanga, mgongoni mwa mama yake. Akakua, akahesabiwa mwenyeji, akachaguliwa kama wengine. Bibi yake alibaki ng'ambo, kwenye kilima cha mawe chenye chemchemi.

Basi siku ya mwisho ya baraza la msimu ule, alasiri, Tembo akasimama.

"Mheshimiwa Spika, natoa hoja. Kesho jeshi livuke mto, likailinde chemchemi ya kilima cha mawe."

"Likailinde dhidi ya nani?" Pimbi akauliza.

"Dhidi ya yeyote anayeitaka."

"Na anayeitaka ni nani?"

Tembo akajikuna sikio. "Kwa sasa ni mimi."

Wanyama wote wakamgeukia Punda, wakijua atapinga tu. Punda akainuka, akasafisha koo, "Hii-hoo, hii-hoo."

"Naunga mkono hoja," akasema. Kumbe Punda naye alikuwa na kiu.

Pimbi aliujua uzito wa jeshi la Tembo. Likipita pale kilimani, bibi yake na pimbi wote watafukiwa katika mashimo yao. Akahesabu kura kwa macho, akaona anayo moja tu, ya kwake. Akalitazama jua, limekwisha kuinama.

"Mheshimiwa Spika, naomba kuchangia. Ila kwanza utusomee, sheria ya mzungumzaji inasemaje?"

Kobe akasoma, neno moja baada ya jingine. "Aliyesimama juu ya jiwe... hakatizwi... mpaka ashuke mwenyewe. Jua likizama... baraza limefungwa. Hoja isiyopigiwa kura... imekufa."

"Sawa, sawa, tunaijua," akasema Tembo. "Panda useme maneno yako mawili, tupige kura."

Pimbi akaruka juu ya jiwe, tup!

"Mheshimiwa Spika, kabla sijafika kwenye jambo lenyewe, nina salamu kutoka ng'ambo."

Sasa niambieni, nani atakataa salamu? Hata Tembo, na ukubwa wake wote, alifunzwa adabu na mama yake. Baraza zima likaitikia, "Tunazipokea."

"Shangazi Makoko wa shimo la kwanza anawasalimu. Yeye hajambo, ila goti. Anauliza, ninyi hamjambo?"

"Hatujambo."

"Mumewe naye hajambo, anawasalimu. Watoto wao saba hawajambo. Wa kwanza ameota meno. Wa pili anawasalimu kwa pekee, maana alikuwa na homa..."

Jua likashuka kidogo. Likashuka tena.

"Taarifa, Mheshimiwa Spika," Tembo akanguruma. "Amefika kwenye jambo?"

"Bado, Mheshimiwa," akajibu Pimbi. "Niko kwenye salamu za shimo la nne."

"Kwani mashimo yako mangapi?" akauliza Punda.

"Sitini na mawili."

Baraza likaguna, mmh.

Tembo akajaribu upole. Akanyoosha mkonga wenye karanga. "Mdogo wangu, umechoka. Shuka ule kidogo."

"Ahsante sana, Mheshimiwa. Na mjomba Tufe, ambaye anapenda mno karanga, naye anakusalimu."

Hapo Tembo akang'amua. Akalitazama jua, akamtazama Pimbi, hasira zikampanda. Akaja, tii, tii, tii, ardhi ikitikisika. Akainua mguu juu ya jiwe, kivuli kikamfunika Pimbi mzima.

Kobe aliingiza kichwa ndani ya gamba. Kisha, namsifu kwa hili, akakitoa tena. "Mheshimiwa Tembo... yuko juu ya jiwe."

Pimbi akainua macho, akautazama unyayo ule.

"Na bibi yangu anakusalimu, Mheshimiwa Tembo," akasema. "Anauliza, lile kovu la mwiba limepona? Ule uliokuchoma mwaka wa njaa, ulipowapelekea mtama, akaung'oa kwa meno yake?"

Mguu ukabaki hewani. Angetaka, angemsaga, na nani angemfanya nini? Hakuna aliyekuwa na ubavu huo, hapa wala ng'ambo. Tembo akayatazama maandishi ya mababu zake, akautazama mguu wake. Akaushusha pembeni, taratibu. Mimi hapo nilimpenda Tembo.

"Limepona," akasema. "Mwambie limepona."

"Nitamwambia. Sasa, shimo la thelathini na tatu..."

Jua likazama. Kobe akagonga kengele, ngo! "Baraza limefungwa. Hoja imekufa." Na kesho yake masika yakaanza, mto ukafurika, wala hakuna aliyeweza kuvuka mpaka msimu mwingine.

Lakini jioni ile Tembo alibaki amesimama. "Wewe Pimbi. Lile jambo lenyewe lilikuwa jambo gani?"

Pimbi akashuka, sauti imemkauka. "Sikuwa na jambo, Mheshimiwa. Nilikuwa na salamu tu."

Punda akaangua kicheko, na Tembo naye akacheka mpaka majani yakapukutika mitini. Kisha akaenda mtoni, akajaza mkonga maji, akarudi kumnywesha Pimbi mwenyewe.

Nami nawaachia hili, wajukuu zangu: mwenye nguvu hasa ni yule anayeweza kukanyaga, lakini akaiheshimu sheria, akaushusha mguu wake pembeni.