Siku Mtani Alipojifunga Kaniki

Hapo zamani za kale, enzi wanyama wanajenga nyumba, wanapika na kusutana kama sisi, alikuwako Pimbi. Mnamjua Pimbi? Kadogo, kanene, mkia hana, maneno tele. Usicheke wewe, ngoja nimalize.

Pimbi alikuwa mtani wa ukoo wa Tembo. Na mtani, wanangu, ana haki zake. Mtani anakutukana njiani, unacheka. Anachukua kuku wako, unamsindikiza. Pakiwa na msiba ndiye anayejifunga kaniki, ile nguo nyeusi, akakaa mlangoni na kuwazuia wafiwa wasiingie mpaka wamtolee kitu. Na kitu ukishakiweka mbele ya mtani, hukirudishi nyumbani. Mila hiyo tembo wote waliijua.

Utani wenyewe ulitokana na nini? Ukubwa! Tembo walijiona wakubwa. Pimbi naye, hata magotini hawafikii, akawaita wajukuu zake.

"Shikamoo babu usiye na mkia!" walimtania.

"Marahaba wajukuu, poleni kwa kubeba hayo masikio!"

Pimbi aliishi kwenye mwamba, na jirani yake wa ukuta kwa ukuta alikuwa Bi Nyamizi, tembo mzee, mama wa watoto watatu. Tai alipomchukua mama yake Pimbi, Bi Nyamizi ndiye aliyemwokota yule yatima, akamweka mgongoni, akamlisha, akamtania mpaka akakua. Pimbi alimpenda mno. Hata matusi yake kwa Bi Nyamizi yalikuwa ya upole.

Lakini Bi Nyamizi alikuwa amezeeka. Meno ya kutafunia yalikwisha. Akitia gome la mti kinywani, mu-mu-mu, mu-mu-mu, analitoa vilevile lilivyoingia. Watoto wake walikuwa mbali. Lugendo, kifungua mimba, mwenye sauti ya kuangusha viota, alikaa ng'ambo ya mto. Shigela alikuwa na shamba la maboga bondeni. Wande, kitinda mimba, aliolewa huko mbugani, na ukimuuliza lini atakuja kumwona mama, jibu lake ni lile lile: "Nikipata nafasi."

Basi asubuhi moja, puu! Mwamba ukatikisika. Pimbi akatoka mbio. Bi Nyamizi alikuwa chini, kwenye njia ya kijitoni.

"Mama! Umeumia?"

"Sijui, mwanangu. Nishike niinuke."

Pimbi akashika sikio, akavuta. Hiiii! Akaingia chini ya ubavu, akasukuma kwa mgongo. Hiiii! Wapi! Pimbi amwinue tembo? Jua likapanda, likawa kali. Pimbi akawa anakimbia kijitoni na kurudi na maji kwenye gamba la konokono, anamtilia Bi Nyamizi mdomoni, tone, tone. Mpaka jua la utosi ndipo yule mama alipojikokota hadi kwenye mti, akauegemea, akasimama huku mapaja yakimtetemeka.

"Usiwaambie watoto," alisema. "Wana shughuli zao."

Pimbi alirudi kwake akajificha kwenye ufa wa mwamba, akalia. Mvua zilikuwa karibu, na ile njia ingekuwa tope tupu. Akianguka tena, hatainuka, aliwaza. Atafia palepale, na mimi nimesimama kando yake na gamba langu la konokono. Ndiyo, wanangu, hata wajanja hulia.

Alipomaliza kulia, akajifuta pua akaondoka. Siku hiyo Lugendo alikuwa na karamu ya kumpa mtoto wake jina, ndugu wote watatu wako pale, wanakula na kunywa. Mama tu ndiye hakuja, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Pimbi akapanda juu ya kinu.

"Wajukuu zangu, tukae tupange. Mama yenu amezeeka. Nani atakaa naye? Atakula nini na meno hana? Siku akishindwa kutembea, itakuwaje?"

"Wee!" Lugendo akanguruma, viota vitatu vikaanguka. "Koma! Unamchuria mama yetu?"

"Uchuro huo!" Shigela akatema mate kifuani, thu! thu! "Kumpangia mtu mambo ya kushindwa ni kumwitia balaa!"

"Mama mzima kabisa," Wande akasema. "Juzijuzi tu... ah, mwaka ule, nilimwona anang'oa mti."

"Mwaka ule, Wande! Mti wenyewe umeshaota tena!"

"Pimbi, siku ikifika tutajua cha kufanya," Lugendo akasema. "Mambo mengine hayasemwi. Shika ndizi hii uende zako."

Pimbi akaichukua ile ndizi, maana ndizi haina kosa, akaondoka. Njia nzima alikuwa anabwata peke yake. "Siku ikifika! Siku ikifika! Haya, nitaileta mimi hiyo siku."

Akaenda moja kwa moja kwa Bi Nyamizi, akapanda begani, akamnong'oneza sikioni. Aliongea kwa muda, maana sikio lenyewe mnalijua ukubwa wake. Bi Nyamizi akashtuka. Kisha akatulia. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akapaliwa.

"Fanya, mtani wangu," alisema huku anakohoa. "Ila angalia usinizike."

Kesho yake Pimbi akachota udongo, akauponda kwa miguu, akaanza kuukandika ukuta wa nyumba ya Bi Nyamizi uliokuwa umepasuka. Ili asijichafue, akajifunga nguo ya kazi. Nguo gani? Kaniki! Si ndiyo nguo ya kazi za udongo? Halafu akamwita Hondohondo, ndege mwenye mdomo mkubwa na sauti kubwa kuliko mdomo.

"Nenda kwa Lugendo, kwa Shigela na kwa Wande. Useme maneno haya, usiongeze, usipunguze: Njooni kwa mama, mtani amejifunga kaniki."

"Basi?"

"Basi."

Hondohondo akaruka. Pimbi akaendelea kukandika.

Haikupita muda mrefu. Gidi-gidi-gidi-gidi! Vumbi likapaa, miti ikalala, vyura wakahama bwawa. Watoto wa Bi Nyamizi wanakuja!

"Uwiiii! Mama yanguuu!" Huyo ni Lugendo, mgongoni amebeba nguzo na mafungu ya nyasi za kuezekea.

"Mama umeniacha na naniii!" Huyo Shigela, anavuta tela la maboga yaliyoiva, matikiti na miwa.

"Ningejua, mama! Ningejua!" Huyo Wande, ana mkeka mpya, blanketi nene na vyungu vyake vya kupikia, machozi yanamtiririka mpaka ncha ya mkonga.

Mlangoni wakamkuta Pimbi na kaniki yake, udongo umemganda mpaka kwenye nyusi. Akaweka mguu kizingitini.

"Hapiti mtu!"

"Babu, tafadhali!" Lugendo akalia. Siku hiyo babu aliitwa babu kweli, bila mkia kutajwa.

"Hapiti mtu, nasema! Mtani kakaa. Kila mmoja aweke alicholeta na aseme ni cha kazi gani. Wewe mwenye masauti, anza."

Lugendo akatua nguzo. "Za kujenga banda la waombolezaji. Nalijenga chini pale, penye kivuli, karibu na maji, pasipo kilima, wageni wa mama wasitaabike kupanda na kushuka."

"Mawazo mazuri hayo! Umeyapata lini?"

"Njiani, nilipokuwa nakimbia."

"Ahaa. Na wewe wa maboga?"

"Ya wageni," Shigela akasema. "Nitayapika yawe laini kabisa. Wazee watakuja, wengine hawana meno. Na shambani yako mengi, nitaleta kila siku."

"Wazee wasio na meno! Hebu ona huruma hiyo! Na wewe, Wande usiye na nafasi?"

"Nimeaga nyumbani kwangu," Wande akasema kwa kwikwi. "Mume wangu atabaki na watoto. Nitakaa hapahapa, nilale kwenye mkeka huu, mpaka matanga yaishe."

"Kumbe nafasi ipo! Basi wekeni vyote chini. Semeni: tumeviweka mbele ya mtani."

"Tumeviweka mbele ya mtani," wakasema kwa pamoja, huku wanalia.

Ndipo sauti ikatoka ndani, nzito, ya taratibu.

"Pimbi, hayo maboga yameiva sawasawa?"

Lahaula! Shigela alirukia juu ya tela, tela likasema kwacha! Wande akajifunika blanketi kichwa, mwili wote nje. Na Lugendo, yule Lugendo wa kuangusha viota? Alijificha nyuma ya mpapai. Mpapai mmoja! Tumbo upande huu, makalio upande ule, anatetemeka mpaka mapapai yanamdondokea, po! po! po!

"Mzimu! Mzimu wa mama!"

Bi Nyamizi akatoka nje, anachechemea, anacheka. Akachukua papai moja lililoanguka, akalila. Papai ni laini.

"Mizimu haili papai, Lugendo. Toka huko."

Lugendo alipoelewa, akapandisha hasira. "Pimbi! Umemchuria mama! Umetuambia amekufa!"

"Mimi? Muulizeni Hondohondo! Nimesema mtani amejifunga kaniki. Nilikuwa nakandika ukuta wa mama yenu, ukuta ambao hamjui hata kwamba ulipasuka. Kaniki nguo ya kazi. Msiba mmeuleta wenyewe, kutoka vichwani mwenu."

Lugendo akajifuta papai usoni.

"Na tazameni," Pimbi akaendelea, na safari hii sauti yake haikuwa ya utani. "Jana alianguka pale njiani. Nilivuta sikio mpaka mikono ikachubuka. Nilimnywesha maji kwa gamba la konokono. Nikaja kuwaambia tupange, mkasema uchuro. Leo kumbe banda mnajua lijengwe wapi, chakula kiwe laini vipi, nani akae na kwa muda gani. Mipango yote mnayo! Mlikuwa mnamngoja afe ndiyo mmpe?"

Wande akatoka kwenye blanketi, akaenda akamshika mama yake mkonga. Alilia kilio kingine sasa, cha kweli kuliko cha kwanza.

"Haya," Lugendo akasema, amejikaza, "mama atahamia kwangu. Nimeamua."

"Umeamua wewe?" Bi Nyamizi akamkata. "Miguu imechoka, Lugendo, akili haijachoka. Niulizeni mimi! Kwako sihami, watoto wako wanapiga kelele kama wewe. Banda nimelipenda. Lijenge pale chini, penye maji, ila la kwangu, na mlango mpana. Shigela, maboga uyapike na chumvi kidogo. Wande, kaa mpaka mvua ziishe, kisha wewe Lugendo uje, kisha Shigela, mpokezane. Asiyeweza zamu yake aseme mapema, atafute wa kumshika mkono. Na siku nikishindwa kusema ninalotaka, Wande atasema kwa niaba yangu, maana leo nimemchagua mbele yenu wote. Mmesikia?"

"Tumesikia, mama."

"Mbona hamna anayetema mate kifuani?" Pimbi akauliza. Shigela akaangalia pembeni.

Banda likajengwa, na mvua zikaja, tope likajaa. Na Bi Nyamizi akateleza tena, ndiyo, puu! Lakini kabla Pimbi hajafika na gamba lake, Wande alikuwa ameshaweka bega huku, Lugendo, aliyekuwa amekuja kuleta nyasi, ameweka bega kule. Moja, mbili, hop! Mama amesimama, anauliza chakula kimeiva au bado.

Pimbi alisimama kando na maji yake kwenye gamba, hana wa kumnywesha. Akayanywa mwenyewe. Hajawahi kunywa maji matamu kama yale.

Halafu akadai ada ya mtani, boga kubwa kuliko yote. Wakampa. Akalibeba kilimani kwenda kwake, likamshinda, likamrudia, biringi-biringi-biringi, boga na Pimbi, Pimbi na boga, mpaka mlangoni kwa Bi Nyamizi, bwa!

"Shikamoo babu!" wajukuu wakampokea kwa kicheko.

"Marahaba," alisema kutoka chini ya boga. "Niinueni!"

Hadithi yangu nami nimeitua mbele yenu, watani zangu, siirudishi nyumbani. Na neno lake ni hili: kumpangia mzee wako angali anakula na kucheka nawe si kumchuria, ni kumpenda mapema.