Chombo Kilichowafuata Wenyewe

Haya, tegeni masikio, niwape ngano hii kama nilivyopewa.

Palikuwa na nahodha, Shekue, na mkewe Mwanaesha. Chombo chao cha tanga kilichorwa macho mawili mbele, na macho yale yaliona. Desturi ilikuwa hivi: anayekihama chombo hukifunga macho kwanza, kisije kikamfuata.

Dhoruba ikawakuta baharini, maji yakajaa chomboni. Mwanaesha akambeba mtoto wao, akashukia mtumbwi mdogo uliofungwa nyuma ya chombo.

"Kifunge macho, mume wangu!"

"Nikifunge kama maiti? Bado kizima hiki!" Shekue akashuka bila kukifunga.

Wakapiga kafi, chombo kikawafuata. Wakakata kushoto, kikawafuata. Wakakata kulia, kikawafuata, mlingoti ukiwainamia vichwani.

"Kinakupenda wewe," Mwanaesha akasema, "lakini kitamuua mwanangu."

Shekue akavua kilemba, akajitosa, akaogelea hadi chomboni. Akakizungushia kilemba mpaka macho yote mawili yakafunikwa.

"Nahodha," chombo kikauliza, "usiku umeingia?"

"Umeingia. Lala."

Chombo kikasimama, kikazama taratibu. Shekue akarudi mtumbwini, wakafika pwani wote watatu. Nami ngano yangu naipandisha ufukweni hapo.