Viti vya Pijo la Mzee Sekiete

Gari halisukumwi na aliyekaa ndani.

Mmeyasikia maneno haya asubuhi kwenye msaragambo, ile kazi ya pamoja ya mfereji, mzee mmoja alipowaambia wale waliokaa ukingoni wakiwaonyesha wenzao pa kuchimba. Watu wote wakacheka, nanyi mkaja mbio kuniuliza ni gari gani hilo. Basi kaeni. Mimi nilihadithiwa na Namsifu mwenyewe, mwaka wa zile mvua kubwa za El Nino, barabara ilipokatika nikakwama nyumbani kwake, tukawa tunapukuchua mahindi na kungoja jua. Chanzo chake ni hiki.

Mzee Sekiete wa huku kwetu milimani Upare alikuwa na gari la Pijo, lile refu lenye viti vya safu tatu na mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu. Lilikuwa jeupe. Lilibeba maharusi, likabeba wagonjwa, likabeba tangawizi kwenda mnadani, na Jumapili likabeba watoto wake wanne kwenda kanisani. Mzee aliweka sheria mbili ndani ya gari lile. Ya kwanza, kila mtoto ana kiti chake. Ya pili, anayeshuka kabla ya kufika, kiti chake ni cha atakayewahi.

Hiyo sheria ya pili ndiyo iliyowafunza watoto wale ukaidi. Gari likiharibika njiani, baba yao alishuka kutazama injini, na wao wakabaki wameng'ang'ania viti kama kupe. Yunisi, binti mkubwa, aliwahi kubana haja kutoka Mombo mpaka Same asije akapoteza dirisha. Ni Namsifu tu, kitinda mimba, aliyekuwa akishuka. Yeye alikaa safu ya nyuma kabisa na magunia ya tangawizi, kiti ambacho hakuna aliyekitaka, kwa hiyo hakuwa na cha kupoteza. Alisimama kando ya baba yake akimshikia spana, na akitumwa ya kumi na tatu hakuleta ya kumi na nne.

Mzee akafa. Pijo likabaki chini ya banda karibu na jiko. Kaka mkubwa, Mbonea, alikuwa na duka Same. Eliamani alihamia Mwanga, Yunisi akaolewa Gonja. Namsifu akabaki na mama yao, Bi Nangasu. Kuku nao hawakukawia, wakahamia kwenye gari, na mtetea mmoja akatotoa vifaranga palepale kwenye kiti cha dereva.

Miaka ikapita. Siku moja Mbonea akaja na habari kwamba ameongea na mnunuzi wa chuma chakavu, lori litakuja Jumamosi ya baada ya Pasaka, maana pale bandani anataka kujenga nyumba ya kuku.

"Kuku wana nyumba tayari," mama yake akasema. "Tena ina madirisha ya vioo."

"Mama, lile si gari tena."

Namsifu alikuwa akisikiliza huku anapepeta mchele. Magoti ya mama yao yalikuwa yamekwisha. Kushuka mpaka zahanati alihitaji kubebwa, na kanisani hakuwa ameonekana tangu mavuno. Magari yaliyopanda kule kwao yalikuwa machache kuliko sikukuu. Pijo likienda, mama hatatoka tena nyumbani isipokuwa kwa machela. Akaweka ungo chini.

"Kaka, niachie mpaka hiyo Jumamosi. Likipanda mpaka barabarani kwa magurudumu yake, lori litarudi tupu. Lisipopanda, nitawasaidia kulifunga minyororo."

Mbonea akacheka mpaka akashika tumbo. "Haya. Mama ni shahidi."

Hapo Namsifu akaanza. Kuku akawatoa mmoja mmoja, na yule mtetea alirudi mara nyingi kudai kiti chake. Kutu akaikwangua kwa msasa mpaka vidole vikachubuka. Sakafu ilikuwa imeoza, ukikaa unaona ardhi, akachukua bati la pipa, akaligonga likalala, fundi wa mlango wa pili akamchomea. Kabureta aliifungua kwenye sinia la wali na kuisafisha kwa mswaki na petroli, kila kijipande akikipanga kwa utaratibu wa kukitoa, kama alivyomwona baba yake akifanya. Viti akavijaza katani mpya, akavishona vitenge. Rangi nyeupe hakuipata. Iliyokuwepo ni ya kijani, iliyobaki walipopaka geti la kanisa, akaipaka kwa brashi.

Kitu kimoja tu kilimshinda, nacho ni stata. Ilikuwa imekufa kabisa na nyingine haikupatikana. Gari lingewaka kwa kusukumwa. Uwanja wao ni tambarare, lakini ukifika kwenye migomba njia inateremka, kisha inakunja na kupanda barabarani. Lisukumwe mpaka kwenye migomba tu, mteremko utamaliza kazi. Akahesabu ndugu watakaokuja Jumamosi kushuhudia, akaona wanatosha.

Wakaja wote. Eliamani akalizunguka gari mara mbili.

"Dada, hili umepaka gari au umepaka kabati?"

"Kabati, kaka. Ila lina breki."

Yunisi alikuwa amevaa gauni lake la kitenge cha sherehe. Akachungulia dirishani, akaona safu ya pili, macho yakamng'aa. Kufumba na kufumbua alikuwa ndani. Eliamani kuona hivyo, akaruka upande wa pili. Bi Nangasu akasaidiwa kupanda mbele, mahali pake pa siku zote. Mbonea akakaa kwenye usukani.

"Pa baba ni pa kifungua mimba," akasema, akafunga mlango.

Namsifu akabaki nyuma ya gari peke yake, viganja kwenye bati. Akasukuma. Gari likatikisika kidogo kama mtu anayejigeuza kitandani, likatulia.

"Sukuma, Namsifu!" Mbonea akapaza sauti kutoka dirishani.

"Nasukuma! Shukeni mnisaidie!"

Badala yake akamsikia Yunisi ndani.

"Eliamani, shuka wewe mwanamume."

"Nishuke uhamie dirishani kwangu? Nakujua, dada."

"Mimi nina gauni!"

"Na mimi nina mgongo. Kaka Mbonea ashuke."

"Nani atashika usukani?" Mbonea akajibu. "Sheria ya baba mnaijua. Nikishuka tu, nitakuta mtu kakaa hapa."

Watu wazima hao, wengine na wajukuu. Namsifu hakujua acheke au alie. Na hapo ndipo aliposikia lori likiguna kule juu barabarani. Likasimama. Wanaume wawili wakashuka njia wakiburuta minyororo, na mbele yao mnunuzi mwenyewe, kofia kichwani. Akafika, akatazama gari, akawatazama waliomo.

"Shikamoo, mama," akamwambia Bi Nangasu. Kisha akamgeukia Mbonea. "Bwana, tuliongea gari. Na hawa nao ni chuma chakavu?"

Mbonea akakohoa. Eliamani akatazama migomba. Lakini hakuna aliyefungua mlango. Namsifu akaegemeza bega, akasukuma tena mpaka miguu ikateleza akapiga goti. Mtu wa minyororo akaanza kutafuta mahali pa kufunga ndoano.

"Namsifu," sauti ya mama yake ikaita. "Njoo unifungulie."

Akaenda, akafungua. Bi Nangasu akashusha mguu mmoja, akapumzika, akashusha wa pili. Fimbo yake akampa Mbonea kupitia dirishani.

"Nishikie hii."

"Mama, unakwenda wapi?"

Akatembea ameshika ubavu wa gari, akipita dirisha moja baada ya jingine, huku watoto wake wanamtazama. Akafika nyuma, akaweka viganja vyake karibu na alama za viganja vya Namsifu.

"Mama! Magoti!" Yunisi akapiga kelele.

"Magoti yangu yako huku nje, yanafanya kazi. Yenu yako wapi?" Akavuta pumzi. "Baba yenu aliwafunza kukaa, na mimi nikanyamaza. Leo niwafunze jingine. Gari halisukumwi na aliyekaa ndani."

Yunisi ndiye aliyetangulia. Alivua viatu, akakusanya gauni kiunoni. Eliamani akafuata, mgongo wake umepona ghafla. Mbonea akabaki ameshika usukani kwa mkono mmoja na fimbo ya mama yake kwa mwingine.

"Sasa nikishuka, nani ataliendesha?"

"Aliyelifufua," mama yake akasema.

Akashuka. Namsifu akaingia, akatia gia ya pili, akakanyaga klachi. Kwenye kioo aliwaona wamejipanga, mama yao katikati akisukuma kwa nguvu ya kuku, lakini akisukuma. Hata yule wa chuma chakavu aliweka bega, maana mtu hawezi kusimama kando ya gari linalosukumwa. Likaenda. Likafika kwenye migomba, likachukua mteremko. Namsifu akaachia klachi. Likaruka, likapiga chafya, likatoa moshi mweusi na manyoya ya kuku, likawaka!

Aliposimama juu barabarani, mbele ya lori, hakuthubutu kulizima. Wakapanda mbio wakamkuta hapo, Eliamani amembeba mama mgongoni. Mama akakaa mbele, Yunisi na Eliamani wakawahi madirisha. Mbonea alifika wa mwisho, anahema, tumbo limemchelewesha. Kilichobaki ni safu ya nyuma kabisa, akaingia akakunja miguu mpaka kidevuni, akacheka kuliko wote.

Mnunuzi akakunja minyororo yake. "Mkilichoka, mniite," akasema.

"Utazeeka ukingoja," mama akamjibu.

Siku hiyo walikwenda mpaka zahanati, kisha kanisani kuonyesha rangi, kisha Gonja kwa Yunisi, ambako walikula makande. Kila waliposimama kuulizwa, Bi Nangasu aliyasema tena maneno yale, na waliosikia wakayachukua wakaenda nayo.

Jioni wakirudi, Eliamani alilala kabla ya kona ya kwanza, Yunisi, aliyekataa kubaki kwake Gonja, akamlalia begani. Mama akasinzia na fimbo yake mapajani. Nyuma, Mbonea akajigeuza mahali padogo vile, akasema kwa sauti nzito ya usingizi, "Namsifu, kesho nitasukuma tangu mwanzo," akaanza kukoroma.

Namsifu akafika nyumbani. Hakuliingiza bandani, aliliegesha kichwa kikitazama mteremko, ili kesho hata mama aweze kulisukuma kwa kidole. Akaweka jiwe kwenye gurudumu, akarudi polepole kwenye usukani asiwaamshe watu, akazima injini. Alikaa akiwasikiliza wakikoroma wote wanne, mikono yake ingali inanuka petroli, akatabasamu peke yake. Kweli, gari halisukumwi na aliyekaa ndani. Akalaza kichwa kwenye usukani, naye akalala.