Harufu ya Mlango Mpya

Hapo zamani, nyuma ya jiko la Bi Mwanaheri, ilizuka kesi ndogo kuliko punje ya mtama, na mwenye kuisimulia ameigeuzageuza miaka mingi bila kupata jibu. Kila akimpa mmoja haki, wawili wengine humjia akilini wamenuna. Basi mwenye sikio na alitege, huenda akamsaidia.

Uani hapo waliishi sisimizi, wote dada, wote wa mama mmoja. Bawabu wao aliitwa Sikitu. Alikuwa na kichwa kikubwa kuliko wenzake, na kazi yake ilikuwa kuuziba mlango kwa kichwa hicho: wa nyumbani akija anamnusa, anainama, anampisha, mgeni akija anakikuta kichwa. Maana nyumba ya sisimizi ina harufu moja tu. Zikiwa mbili, dada na dada watang'atana mlangoni wasijuane. Isipokuwapo hata moja, siafu huingia kama kwao.

Siku moja Bi Mwanaheri aliosha masufuria ya shughuli, na maji akayamwaga ukutani badala ya mgombani. Nyumba ya sisimizi, iliyokuwa chini ya ukuta, ikajaa maji. Sisimizi wakabeba mayai yote, kila mwenye meno na lake, Mama naye akasukumwa huku akilalamika kwamba wanamfinya, wakakimbilia mahali pa juu walipopaona kwanza. Palikuwa ni kinu, kimesimama katikati ya ua.

Wakapanda. Aliyetangulia akafika ukingoni, akaufuata ukingo, akaufuata, mpaka akanusa harufu ya dada mbele yake. Akafurahi kwamba kumbe kuna aliyeijua njia. Akamfuata. Hakujua kwamba huyo ndiye wa mwisho wa msafara wake mwenyewe.

Na mila yao ni hiyo: mfuate aliye mbele, usiache pengo. Wakazunguka asubuhi nzima. Bi Mwanaheri alimwita mkamwana wake aje aone sisimizi wakicheza gwaride, wakacheka, wakarudi jikoni. Jua likapanda. Mayai yakaanza kukauka.

Wa kwanza kushtuka alikuwa Kibogoyo, mkubwa wao, ambaye meno yalikwisha hivyo hakubeba kitu, akapata nafasi ya kutazama. Alisema kwamba ufa huu wenye ganda la hindi wameupita mara nne. Wakamcheka.

"Da Kibogoyo, meno yamekwisha, na pua nayo imekwenda?" mmoja alimwuliza. "Harufu iko mbele yetu, wewe unatuletea habari za maganda."

Kibogoyo akasema tena, na tena, kila akiupita ufa. Ila hakutoka mstarini. Alisema huku anazunguka.

Mbele ya Sikitu alikwenda Machepele, asiyetulia hata akiwa amelala. Yeye peke yake aliyaamini maneno yale. Aliweka yai lake ukingoni, akaruka chini, mahali pasipo na harufu ya yeyote. Na Sikitu akafanya alivyofunzwa: akasogea, akaliziba pengo. Mzunguko ukaendelea kana kwamba hakuna aliyeondoka.

Machepele alihangaika huko chini mpaka akaona kifuu cha nazi kimejifunika chini, chenye tundu moja dogo la kuingilia, ndani pakavu, pana baridi. Akarudi juu akipaka harufu yake hatua kwa hatua, mpaka ukingoni. Njia ikawa tayari. Hakuna aliyegeuka, kwa sababu harufu ya aliye mbele ilikuwa karibu zaidi.

Sasa, mbele ya Sikitu alikuwa Chechele, na Chechele husahau. Alipofika penye njia ile alisimama, akalitazama yai lake kama aliyeletewa mzigo wa jirani.

"Dada," alimwuliza Sikitu, "hivi mimi nilikuwa nakwenda au narudi?"

Sikitu akamgonga kwa kichwa. Wa nyuma wakamgonga Sikitu. Walio mbele wakenda zao, pengo likafunguka, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi Sikitu hakuwa na harufu inayosonga mbele yake. Akageuza pembeni papasi za kichwani mwake, akainusa njia ya Machepele, akashuka. Wote wakamfuata. Mayai yakaingia kifuuni yakiwa mazima, isipokuwa moja lililobaki ukingoni.

Alasiri hiyo siafu wawili walionekana mgombani, wanapeleleza. Nyumba mpya ilitaka harufu mlangoni kabla hawajafika, na mila ilisema: mlango utapakwa harufu ya aliyewaokoa watoto.

"Njia niliikata mimi," Machepele alisema. "Na yai lililokauka lilikuwa langu."

Wakamjibu kwamba njia yake ilikaa pale ukingoni na hakuna aliyeiona.

Kibogoyo alisema taratibu kwamba kama asingenena, Machepele angekuwa anazunguka mpaka sasa. Wakamwuliza, kama alijua, mbona miguu yake haikujua?

Chechele hakudai kitu. Waliomtetea walisema bila yeye kusimama, maneno yale na njia ile vingewakuta wamekauka. Wengine wakacheka, eti tangu lini kusahau kukawa kazi ya sifa. Chechele akasema hata yeye anashangaa.

Wakamwendea Mama. Mama alisema wote wametoka tumboni mwake, asiulizwe. Aamue anayekaa mlangoni.

Sikitu akawatazama. Alikumbuka lile pengo na jinsi alivyoharakisha kuliziba. Siafu walikuwa wameshauacha mgomba, wanakuja.

"Machepele na Chechele wataonja mvua nyingine," alisema. "Da Kibogoyo haifikii ijayo. Mlango utanuka yeye."

Machepele aliuliza kama hiyo ndiyo hukumu au huruma. Sikitu alimpapasa Kibogoyo kwa papasi zake, akaipaka harufu yake kwenye tundu la kifuu, kisha akaingiza kichwa akauziba mlango. Siafu walipofika wakakikuta kichwa.

Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa, na Sikitu ndiye aliyetekeleza kwa papasi zake mwenyewe. Lakini kama mlango ungekuwa wako: aliyeona akasema, aliyeamini akaacha lake, na aliyesahau akasimama. Je, nani alistahili?