Karatasi ya USIGUSE

Wahenga waliposema kwamba nyani haoni kundule, hawakuwa na ugomvi na nyani. Walimlenga binadamu mwenye jicho kali la kuona doa kwenye nguo ya mwenzake, ilhali yake mwenyewe imechafuka mgongoni. Watu wa aina hiyo hawakosekani katika ofisi yoyote. Katika ofisi ya wachapishaji wa kamusi alikuwapo mhariri mkuu, mama wa makamo aliyeitwa na wote Bi Nukta, kwa kuwa hapakuwa na nukta iliyokosewa iliyowahi kumponyoka.

Kompyuta mpakato ya Bi Nukta ilikaa juu ya kitako cha plastiki nyeusi. Kitako hicho ndicho kilichoiunganisha na skrini kubwa, kibodi, na diski iliyohifadhi kamusi yote. Alipoitwa mkutanoni aliinyakua kompyuta ikiwa inawaka, akaikumbatia na kwenda nayo. Aliporudi aliipachika tena, na hapo ndipo mikosi ilipoanzia. Wiki ya kwanza skrini ilikuwa giza totoro. Wiki ya pili kurasa alizoziacha wazi zilitawanyika kama vifaranga walioona mwewe. Wiki ya tatu masahihisho ya herufi M, kazi ya siku nne, yalitoweka, na faili likakataa katakata kufunguka.

"Hili si bure," alijisemea. "Hapa kuna mkono wa mtu."

Mkono wenyewe hakuutafuta mbali. Kwenye meza ya jirani alikaa msanifu wa kurasa, bwana mpole aliyeajiriwa kwa majaribio ya miezi mitatu. Maneno yake yalikuwa machache hata wenzake wakampa jina la Kimya. Bi Nukta hakuwaamini watu wa namna hiyo. Kimya kingi kina mshindo mkuu, alijikumbusha, akaanza kumchunga. Kimya akienda kunywa maji, alimhesabia hatua. Akikohoa, aligeuka kumtazama.

"Bi mkubwa, nikusaidie?" Kimya alimuuliza siku moja, alipomwona akiipigapiga skrini. "Pengine ni pale inapochomekwa."

"Nani kakwambia ni pale inapochomekwa? Umejuaje?"

Kimya alirudi kwenye kiti chake amefyata mkia. Siku hiyohiyo Bi Nukta alichukua karatasi, akaandika USIGUSE! kwa wino mwekundu, akaibandika kwa gundi upande wa mbele wa kitako. Kesho yake, kabla ya kwenda mkutanoni, alilaza uzi mwembamba juu ya kitako kitupu ili mtu akikigusa uzi uanguke. Aliporudi uzi ulikuwa palepale, lakini skrini ilizimika vilevile. Je, moyo wake ulitulia? Wapi! "Ameuona uzi," alisema, "kisha kaurudisha."

Ijumaa ndiyo ingekuwa siku ya mwisho ya majaribio ya Kimya. Bwana huyo alikuwa amekaa miaka miwili bila kazi, na mkewe ndio kwanza amejifungua. Bi Nukta aliyajua yote hayo. Moyo ulimsuta kidogo, lakini aliufungia mlango, akaandika barua kwa meneja akitaka Kimya afukuzwe. Aliihifadhi diskini, na mwisho wake ulikuwa maneno haya: "Huyu bwana ni hodari wa kutafuta sababu za hitilafu, kumbe sababu ni yeye. Nyani haoni kundule."

Alhamisi asubuhi, baada ya Bi Nukta kumlalamikia, meneja aliwaita wote wawili, pamoja na fundi wa kompyuta, binti mcheshi ambaye ulimi wake haukuwa na mfupa. Kimya alitangulia. Bi Nukta alibaki mezani akiongeza mkato mmoja kwenye barua, kisha akainyakua kompyuta, akaibeba kifuani mpaka ofisini kwa meneja.

"Ushahidi huu hapa," alisema, akaigeuza kompyuta waisome barua yake ya mashtaka. Kwenye kioo palikuwa na maneno mawili tu: Diski haipatikani.

"Mnaona? Amefanya tena!"

Meneja alimtazama, kisha akamtazama Kimya. "Huyu yuko kwenye kiti hiki nusu saa nzima. Nani alikuwa mezani kwako?"

"Mimi."

"Na nani aliyeibeba kompyuta?"

Bi Nukta aliitazama kompyuta mikononi mwake. Fundi ndiye aliyemwokoa. "Twendeni tukaione meza."

Fundi aliinama, akakizungusha kitako, akakikagua. "Shida iko kitakoni," alisema, na hata meneja ikabidi ajifanye anakohoa. Kwa ukucha, fundi aliibandua karatasi ya USIGUSE. Chini yake palikuwa na kitufe, na kando ya kitufe taa ndogo nyekundu.

"Hicho kitufe kimewekwa lini?" Bi Nukta aliuliza kwa ukali.

"Siku ile ile nilipokuletea kitako, mama. Nilikuachia na maelekezo, ukanirudishia." Fundi alipekua mkoba wake, akatoa karatasi iliyokunjwa. Iliandikwa: Bonyeza kitufe, subiri taa izimike, ndipo uinue laptopu. Mkato wa pili uliongezwa kwa wino mwekundu. Neno laptopu lilikatwa, na juu yake pakaandikwa kompyuta mpakato. Chini kabisa: Lugha yako ina kasoro. Jitahidi.

"Ulisahihisha sentensi, mama," fundi alisema, safari hii bila utani, "lakini hukuitii. Kila ukiinyakua hivyo unakata diski ikiwa bado inaandika."

Bi Nukta aliutambua mwandiko wake. Alitamani ardhi ipasuke immeze. "Na herufi M?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Ndiyo imepotea?"

"Ninayo," alisema Kimya. Wote waligeuka. "Kila jioni ukituma kurasa nizipange, huwa nabaki na nakala. Nilitaka kukwambia, bi mkubwa. Niliogopa utasema nimeiba."

Maneno hayo yalimchoma Bi Nukta kuliko kemeo lolote, kwa sababu yalikuwa kweli. Angesema hivyo hasa. "Nisamehe, mwanangu," alisema, na machozi yakamlengalenga.

"Barua yako ya mashtaka nayo inaweza kufufuliwa," alisema fundi. "Niifufue?"

"Iache ife."

Meneja alitaka kujua amwambie nini Kimya kesho. Bi Nukta aliitwaa ile karatasi ya USIGUSE, akaigeuza, akaandika mgongoni kwa kalamu yake nyekundu: Aajiriwe. Ninamdhamini mimi mwenyewe

Alimkabidhi meneja mbele ya wote. Mwisho wa sentensi ya pili hapakuwa na nukta. Kimya aliliona kosa lile, akatabasamu, akanyamaza. Ama kweli, nyani haoni kundule.