Vanishi Isiyotaka Kukauka

Tak.

"Mmesikia?"

"Tumesikia."

"Ni kuni?"

"Kuni hazijipasui usiku."

"Ni mfupa?"

"Mfupa ungelia na mwenyewe."

"Basi sogeeni mkekani niwaambie kilichovunjika."

"Tumesogea. Tuambie."

Kilichovunjika ni fimbo ya pulu, na mwenye fimbo ni Kiboko.

Wanyama walikuwa na banda la pulu pale njia panda, kati ya bwawa na msitu. Ndani ya banda kulikuwa na meza ya kitambaa cha kijani, na juu ya meza mipira ya rangi. Mchezaji anainama. Mchezaji anafumba jicho moja. Anausukuma mpira mweupe kwa ncha ya fimbo, mweupe unagonga wa rangi, wa rangi unatumbukia shimoni: ko, puu. Kiboko aliipata ile ko kila mara, lakini ile puu ilikuwa ya Nyani. Usiku ule Nyani alimfunga tena mbele ya kadamnasi, na Kiboko akaketi kwa hasira bila kutazama anaketi wapi. Tak.

Huko karakanani, Kindi aliusikia mlio ule akiwa amelala kwenye maranda ya mbao. Akaketi. Mkia ukaanza kumcheza. Mkia wa Kindi ulikuwa na tabia hiyo: moyo ukikosa raha, mkia haulali. Na moyo wake ulikuwa umekosa raha muda mrefu.

Karakana ilikuwa ya Ngiri. Mbele, barazani, alikaa Ngiri na meno yake. Nyuma, penye vumbi, alikaa Kindi na kazi. Fimbo iliyopasuka, aliiunga Kindi. Fimbo iliyopinda, aliinyoosha Kindi. Ncha ya ngozi ikibanduka, Kindi aliitafuna mpya mpaka ikalainika, akaibandika. Na akipaka vanishi, brashi ilikuwa mkia wake mwenyewe, ndiyo maana kila fimbo ilitoka na unywele mmoja mwekundu ndani ya mng'aro. Ngiri aliwaambia wateja kwamba huo ni urembo, tena haupatikani kwingine.

Sasa, meza ile ilikuwa na desturi yake. Fimbo ikitoka kwa fundi, mchezaji huinyanyua juu mbele ya wote na kumuuliza mwenye karakana ni nani aliyeitengeneza. Jina litakalotajwa ndilo linalowekewa sinia la chakula. Na mwanagenzi, hata awe hodari namna gani, haitwi fundi wala hafungui kibanda chake mpaka siku mwenye karakana atakapomtaja pale mezani. Mwanagenzi kujitaja mwenyewe hakuruhusiwi. Anayejitaja anachekwa mpaka anahama msitu.

Kila Ngiri alipoulizwa, alijibu, "Mimi." Sinia likaja, Ngiri akala, na maganda akamletea Kindi. Hata jina lake hakuwahi kulitamka. Alimwita Wee. Wee, leta msasa. Wee, fagia. Kindi alipomwomba amtaje japo mara moja, Ngiri alimjibu kwamba jina la fundi ni zito, na kichwa chake bado kidogo. Msimu uliofuata akaomba tena. Ngiri akakishika kile kichwa, akakipima kwa kwato, akasema hakijakua.

Asubuhi Kiboko alifika na vipande vya fimbo kwapani. Marudiano na Nyani yalikuwa jioni ya kesho yake, na aliitaka fimbo kabla ya hapo. Ngiri akamwahidi itang'aa mpaka ajione uso. Kiboko akasema uso wake anaujua, yeye anataka kushinda, na tena fimbo ile ina ubaya mmoja, inamteleza mkononi.

Kindi alikuwa anachungulia kwenye ufa wa ukuta. Akauona mguu wa mbele wa Kiboko, ambao mezani huitwa mkono. Ulikuwa unatiririka lile jasho lake zito, jekundu, lenye utelezi. Kila aliposhika, paliloa. Kiboko alipoondoka, Kindi akamwambia Ngiri kwamba kuiunga ni kazi ndogo, shida ni mpini, mpini unataka kitu cha kuushika mkono.

"Wee ing'arishe tu," akasema Ngiri.

Kindi akaiunga. Akapaka gundi, akaifunga kamba, akaifungua, akapiga msasa, kwaru-kwaru-kwaru, akachovya mkia, akapaka vanishi, akaisimamisha kivulini. Ngiri akaja.

"Imekauka?"

"Bado, Mzee."

Ngiri akaenda, akarudi. "Imekauka?" Bado. Akaenda, akarudi. Safari hii hakuuliza, aliigusa, na kwato yake ikabaki imechorwa pale kama muhuri. Kindi akakwangua yote. Kwaru-kwaru-kwaru. Akapaka upya.

"Imekauka?"

"Bado, Mzee."

Ngiri akaona kivuli ndicho kinachochelewesha. Kindi alipokwenda kunawa mkia, Ngiri akaiegemeza fimbo kando ya moto. Vanishi ikatoka malengelenge, fimbo yenyewe ikapinda kama mundu. Kindi akaifukiza mvuke, akaifunga kwenye ubao ulionyooka, akaikandamiza kwa mawe, ikanyooka. Kwaru-kwaru-kwaru. Akapaka upya.

"Imekauka?"

"Bado, Mzee."

Basi Ngiri akaanza kuipepea kwa masikio. Masikio yakainua vumbi, vumbi likamwingia puani, na pua ya Ngiri si pua ya mchezo. Chaaa. Vumbi lote la karakana likahamia kwenye vanishi, na mbu wawili juu yake. Kindi akauchukua msasa tena. Kwaru-kwaru-kwaru. Kila kwaru fimbo ilikonda, na kila kwaru Kindi alikonda nayo.

Ngiri akatembea huku, akatembea kule, kwato zikigonga sakafu ti-ti-ti. Akasema siku zote kazi zake hutoka safi, leo kuna mtu anamharibia. Akasema fimbo hii ikimchukiza Kiboko, yeye hatakubali kufa kwa ajili ya mwingine, atasema wazi mbele ya meza ni nani aliyeigusa.

Mkia wa Kindi ukasimama tuli. Kumbe njia ipo, akawaza. Siku ya sifa Ngiri analijua jina moja tu. Siku ya balaa atalikumbuka la pili.

Jioni hiyo Kindi alipanda mfenesi, akautafuna mti kwa meno mpaka ukatoa utomvu. Akauchemsha pamoja na vanishi, akatia na gundi, akakoroga, akapata ulimbo, wa jamaa moja na ule ambao watoto hutegea ndege, ila huu ulikuwa na vituko vyake. Ukiushika kwa mkono mkavu, unakuachia. Ukiushika kwa mkono wenye jasho, unakushika wewe, na kadiri unavyovuta ndivyo unavyokaza. Dawa yake ni moja, utulie mpaka jasho likauke. Akaupaka kwenye mpini peke yake, mwembamba, laini, uking'aa kama maji.

"Imekauka?" akauliza Ngiri asubuhi.

"Imekauka, Mzee."

Ngiri akaishika kwa kwato kavu, akaigeuza, akajiona uso. Akaridhika sana.

Bandani palijaa. Kindi akapita juu kwa juu, akajibanza kwenye boriti. Nyani alikuwa ameshaanza maneno, anamuuliza Kiboko kama leo mheshimiwa amekuja kucheza au amekuja kukalia. Kiboko akaiinua fimbo, akamuuliza mwenye karakana fundi ni nani.

"Mimi," akasema Ngiri. "Nani mwingine?"

Sinia la mihogo na karanga likawekwa mbele yake, akaanza kutafuna.

Kiboko akainama, akapiga mpigo wa kwanza. Ko. Kisha akataka kuibadilisha fimbo mkono apake chaki. Mkono haukutoka. Akavuta, haukutoka. Akatikisa, fimbo ikampiga mwenyewe utosini. Kiboko akageuka taratibu na kusema kwamba aliyeitengeneza fimbo hii atamkalia.

Ngiri alikuwa na muhogo mzima mdomoni. Akaumeza mzima. Akaeleza, kwa heshima zote, kwamba yeye ni mwenye karakana tu, wa kupokea wageni, na kazi za mikono kuna mtu huko nyuma. Wakamuuliza mtu gani. Akasema mtu tu, wa nyuma, hana hata jina la maana. Juu ya boriti mkia ulikuwa unapiga mbao, tip-tip-tip, na bahati yake wote walidhani ni panya.

Nyani ndiye aliyekatiza. Alikuwa na haraka ya kushinda. Akasema fimbo ibaki hapohapo, anayekwenda kufungwa hana sababu ya kuiweka chini.

Basi Kiboko akacheza hivyohivyo. Ko, puu. Akajitazama mkono. Haukuteleza. Ko, puu. Akasogea upande wa pili. Ko, puu. Ko, puu. Nyani akaacha kucheka, akaanza kujikuna. Ko, puu, na mpira mweusi, ule wa mwisho, ukajiviringisha polepole kama unaofikiria, ukaingia. Kiboko ameshinda. Miguu ikagonga sakafu mpaka vumbi likatoka kwenye paa.

Ngiri akalivuta sinia karibu tena na kutangaza kwamba kazi ile ni yake.

"Si ulisema ni ya mtu wa nyuma?" akauliza Nyani.

"Nyuma ndiko ninakofanyia kazi."

Kiboko akasema vizuri, basi fundi aje ambandue. Akamnyooshea mkono. Ngiri akavuta, ti-ti-ti kwato zikiteleza. Wapi. Akamwagia maji. Ulimbo ukakaza. Akapaka mafuta, mkono ukang'aa na fimbo ikang'aa, vikabaki pamoja. Akajaribu jino, Kiboko akanguruma. Kila alivyonguruma alitoka jasho, na kila alivyotoka jasho ulimbo ulikaza. Akapiga miguu, akazunguka meza, akajigonga ukutani. Kindi aliona yote kutoka juu. Kilichotakiwa ni Kiboko aketi pembeni, anyamaze, mkono ukauke kwa upepo. Hakulisema hilo. Hata kama angelisema, hapakuwa na wa kulisikia.

"Wewe si fundi," akasema Kiboko. "Aliyebandika ndiye anayejua kubandua. Namtaka huyo."

Akamgeuzia Ngiri mgongo, akaanza kushuka. Kivuli kikamfunika Ngiri masikio, kikamfunika meno, kikalifunika na sinia. Ngiri akalitazama sinia. Kivuli kikashuka tena kidogo.

Na fundisho la ngano hii, enyi wenye masikio, ni kwamba subira haina faida yoyote. Kiboko angetulia kidogo tu, mkono ungekauka, fimbo ingejiachia, kila mtu angekwenda kwake kulala, na Kindi angekuwa anaitwa Wee mpaka leo. Kwa hiyo fanyeni haraka. Gusagusani vitu vibichi. Ngano yangu naikunja hapa, nyie kung'uteni mkeka.

"Usiikunje."

"Kwa nini?"

"Kiboko umemwacha hewani."

Kweli. Basi alipozidi kushuka, mpaka makalio yakagusa ncha za masikio, banda zima likamsikia Ngiri, kwa sauti nyembamba kama ya mtoto aliyelazimishwa dawa chungu, akisema lile ambalo hakuwahi kulisema tangu karakana ifunguliwe:

"Fundi Kindi."