Kiboko Aliyelamba Chumvi Bila Kusikiliza

Hapo zamani za kale, na wewe uliyeficha pakiti ya chipsi mgongoni sogea mbele nikuone, palikuwa na kisiwa kidogo kiitwacho Ukoko. Kilikuwa kidogo hata ukipiga chafya kusini, wa kaskazini wanakuitikia.

Wanyama wa Ukoko walikuwa na desturi yao. Jirani akikuletea chakula, chombo chake hukirudishi kitupu. Aibu! Afadhali utembee uchi sokoni. Na walikuwa wakitembea uchi kweli, lakini hayo msiniulize.

Aliyeijua desturi hiyo kuliko wote ni Bi Nguchiro, mjane mwenye watoto wengi na kishamba cha upana wa mkeka. Kila asubuhi alichuma mchicha, akaupika, akaugawa kwenye vibakuli, akawapelekea majirani. Vibakuli vikarudi na samaki, na wali wa nazi, na kwa Kima vikarudi na ndizi mbivu.

"Huyu bibi ananunua samaki kwa majani!" Kima alilalamika. Lakini alijaza kibakuli vilevile. Angefanyaje?

Siku moja, chubwi! Kiboko akaibuka kutoka baharini. Ametoka bara, na kichwani amejitwika karai kubwa.

"Nafungua duka la chakula chapuchapu!" akanguruma.

"Hapa mgeni hafungui kitu," wakamwambia. "Kwanza uwe jirani. Lamba chumvi, uape. Hutamnyima mwenzio moto, hutampita bila salamu, hutarudisha chombo chake kitup..."

"Naapa, naapa!" Kiboko akalamba chumvi yote, na kijiko nusura akimeze. "Karai naliweka wapi?"

Mafuta yakachemka. Chwaaa! Chipsi. Chwaaa! Soseji.

"Soseji za nyama gani?" akauliza Paa, ambaye ni mdogo na mwenye nyama laini.

"Za bara."

Paa akajisogeza nyuma ya Kobe.

Jamani, zilikuwa tamu! Siwadanganyi, hata mimi chipsi nazipenda. Wanyama wakapanga foleni, kila mmoja na nazi zake za kulipia. Kila mmoja akachukua chakula chake kwenye boksi la karatasi, akaenda kukila peke yake nyuma ya mlango, asije mtu akamwomba. Majiko yakapoa. Ufuo ukajaa maboksi. Kima akanenepa mpaka matawi yakawa yanamkataa, kacha! akadondoka.

Bi Nguchiro akapita na vibakuli vyake kama kawaida.

"Shoga, mimi leo sikupika," akasema Paa. "Na wala sipiki kesho."

"Mchicha?" Kima akacheka. "Siku hizi hatuli majani, bibi. Tumeendelea."

Vibakuli vikarudi nyumbani na mchicha wake, umepoa.

"Mama, tuna njaa!" watoto wakalia.

"Mchicha huu hapa."

"Mchicha jana, mchicha juzi! Tunataka chipsi!"

Na nazi ya kununulia chipsi hakuwa nayo hata moja. Mdogo wao alikuwa amekonda, mbavu zinaonekana. Bi Nguchiro akajifungia jikoni akalia. Alilia kweli, kwa uchungu, maana mjanja naye ana moyo.

Alipofuta machozi, aliona upepo umesukuma boksi tupu mpaka mlangoni kwake.

"Hiki nacho si chombo?" akajiuliza. "Na mwenyewe si jirani? Ahaa!"

Adhuhuri, foleni ikiwa ndefu kuliko siku zote, Bi Nguchiro akafika na lile boksi, ndani lina mchicha.

"Hodi, jirani! Chombo chako hiki, nakurudishia."

"Hilo ni boksi," Kiboko akasema. "Katupe."

Foleni nzima ikageuka. "Heee! Chombo cha jirani kitupwe, na chakula kimo?"

Kiboko hakutaka kuwaudhi wateja. Akaubugia ule mchicha, gubu! Kisha akamrudishia Bi Nguchiro boksi. Tupu.

Paa akachungulia ndani.

"Kaletewa chakula, karudisha chombo kitupu," akanong'ona.

"Na chumvi alilamba!" Kima akapiga ukelele. "Mvunja kiapo tunamrudisha baharini!"

"Wewe Kima! Si mimi ninayekulisha?"

"Unanilisha, ndiyo, na Mungu akubariki. Lakini aibu ni aibu."

Kiboko akalitazama karai lake. Akaitazama bahari. "Aa, nilikuwa natania tu!" akasema, akalijaza boksi chipsi mpaka pomoni, na soseji juu.

Bi Nguchiro akashukuru kwa adabu, halafu mbio! Watoto siku hiyo walikula mpaka nusura watafune vidole.

Kima ni mlafi, si mjinga. "Kumbe chipsi zinapatikana kwa jani la mchicha!" akasema, naye akateremka ufuoni kuokota boksi. Siri ya Kima ni siri ya kisiwa kizima.

Kesho yake hakuna aliyeleta nazi. Kila mmoja alishika boksi. Paa katia kijiko cha wali, Kima katia ndizi, na Kobe kichwa cha samaki. "Jirani, chombo chako!" "Jirani, na hiki!" Kiboko akakaanga, akajaza, akakaanga, akajaza. Ufuo ukawa mweupe, hakuna boksi hata la dawa. Na ili wapate cha kutia kwenye maboksi, wanyama wakawasha tena majiko.

Viazi vikaisha. Soseji za bara nazo zikaisha, na Paa akalala usingizi mzuri.

Kiboko akaenda kwa Bi Nguchiro, pwata, pwata, macho mekundu.

"Bibi, umenimaliza! Viazi sina, na maboksi ya watu yamejaa mpaka kitandani. Nitawarudishia nini?"

"Mbona kwako kumejaa chakula, bwana? Wali wa Paa mpelekee Kima. Ndizi za Kima mpelekee Paa. Samaki wa Kobe niletee mimi."

"Na mimi nile nini?"

"Mchicha. Kwani kwenu bara, viboko hula soseji?"

Kiboko akafikiri. Ni kweli, ni mla majani. Akala mchicha, akaona mtamu, akaomba tena, na hapo ndipo alipokwisha kabisa, maana kila kibakuli cha mchicha sharti kirudi kimejaa.

Basi chakula chapuchapu kipo Ukoko mpaka leo. Pwata, pwata, pwata! Kiboko anakimbia nyumba hata nyumba na vyombo vya watu kichwani, jasho linamtiririka, na Bi Nguchiro amekaa barazani anampigia kelele, "Upesi, jirani, wali unapoa!"

Asiyesikiliza anachoapia hubeba vibakuli vya wenzake.